Viroba Vitatu vya Mawe

Wiki iliyopita kipimajoto kilivunjika maabara. Mwanafunzi wangu mmoja wa kidato cha tatu kilimponyoka, kikapiga ukingo wa meza, zebaki ikatawanyika. Unajua inavyokuwa: vipira vidogo vinavyong'aa, vinakimbizana juu ya meza, vikikutana vinaungana. Watoto wakafurahi. Wakaanza kuvifukuza kwa vidole huku wanacheka, na mmoja akawa ameshavikusanya kiganjani anamwonesha mwenzake. Nikapiga ukelele. Nimefundisha kemia karibu miaka ishirini na sijapata kupiga ukelele ule. Nikawatoa wote nje, nikafungua madirisha, nikavizoa vile vipira kwa karatasi nikavitia chupani, nikavifunika kwa maji. Halafu nikakaa pale pale mpaka kengele ya kwenda nyumbani. Mwalimu mwenzangu akaja kuniuliza kama naumwa. Nikamwambia ni joto tu.

Wewe nitakwambia kweli. Tumejuana siku nyingi, na waliokuwa wakinizuia nisiseme hawapo tena.

Tulikuwa tukikaa Kiponda, Unguja mjini, kwenye nyumba ya bibi yangu mzaa mama. Nyumba nyembamba, ya mawe na chokaa, vyumba viwili juu, na chini uwa mdogo wenye mfereji na jiko pembeni. Jiko la bibi lilikuwa na dirisha moja tu, dogo, unaweza kuliziba kwa mto. Kuta zake zilikuwa nyeusi kwa masizi, na zilinuka nazi na samaki wa kukaanga hata siku ambayo hakukupikwa kitu. Asubuhi nilikuwa naamshwa na sauti ya bibi akikuna nazi, krrr, krrr, kabla ya muuza kahawa hajapita na vikombe vyake. Kazi yangu ilikuwa kuchambua mchele, kufagia uwa, na kupepea makaa kwa kipepeo mpaka yashike. Bibi alipenda kuniambia, "Anayeingia jikoni kwangu hatoki na njaa." Alikuwa akisema hivyo kwa kila mtu, hata mtu aliyekuja kusoma mita ya umeme.

Nyumba ya tatu kutoka kwetu kulikuwa na duka la sonara, mzee wa Kihindi aliyezaliwa mtaa ule ule kama babake. Nilikuwa nikishinda kwake baada ya skuli. Nilimwamkia "Shikamoo, babu", akaniitika "Marahaba" bila kuinua kichwa, nami nikakaa kwenye kizingiti nikimtazama. Kitu kilichonishangaza kwa mzee yule ni kwamba hakuwa akitupa taka. Alichofagia dukani alikitia kwenye debe. Maji aliyonawia mikono aliyamwaga kwenye pipa. Mkeka aliokalia ulipochakaa hakuutupa, aliukunja akauweka. Mara moja kwa mwaka alivichoma vyote hivyo, akatwanga jivu lake na kuliosha taratibu kwenye beseni, mpaka chini kukabaki mchanga mzito mweusi wenye vichembe vya manjano. "Dhahabu ni nzito," aliniambia. "Vyengine vyote vinaondoka na maji. Yenyewe inakaa." Nikiwa na miaka tisa niliona hilo ndilo jambo kubwa kabisa nililopata kuambiwa.

Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa bara wakati huo. Alikwenda kuchimba dhahabu huko kanda ya ziwa, na bibi aliuza mitali yake ya fedha ya kuvaa miguuni ampatie nauli. Alikaa miaka miwili. Barua zilikuja tatu. Halafu siku moja tukaletewa habari kuwa yuko bandarini anataka watu wa kumsaidia mzigo.

Mzigo wenyewe ulikuwa viroba vitatu vya mawe.

Wachukuzi walicheka mpaka wakakaa chini. Mtu katoka bara, miaka miwili, kaja na mawe! Mama akaona haya, akajifunika kanga mpaka puani. Mjomba lakini alikuwa anatabasamu. Amekonda, ndevu zimeota ovyo, meno yale yale. Kule machimboni, alituelezea tulipofika nyumbani, mchimbaji halipwi pesa, analipwa mawe. Kila mtu anapewa viroba vyake, anavipeleka kwa mwenye kinu cha kusagia, na mwenye kinu ndiye anayefaidi, kwa sababu anakusagia, anakuoshea mara moja, kisha mchanga uliobaki anauchukua yeye, na dhahabu iliyobaki humo ni nyingi kuliko aliyokupa. Mjomba aliibiwa hivyo miaka miwili. Safari hii aliapa viroba vyake atavisaga mwenyewe.

"Kwa nini usisagie kule?" mama akamuuliza.

"Nisagie wapi, dada, wakati vinu vyote vyao?"

Bibi alikuwa amemshika mwanawe mkono anaukanda kanda kama anatafuta palipouma. Akasema, "Nshakuwekea wali na mchuzi wa pweza. Kula kwanza."

Nitakueleza kazi ilivyokwenda, kwa sababu mpaka leo naiona. Siku ya kwanza mjomba na mama walipasua mawe kwa nyundo uani, wamefunga vitambaa puani. Mawe yenyewe yalikuwa meupe meupe yenye mistari ya kutu, na sikuona dhahabu hata chembe. Vile vipande wakavitwanga kwa mchi wa chuma, siku nne mfululizo. Jirani wa nyumba ya pili alipouliza kelele hizo za nini, bibi alimjibu tunatengeneza sakafu. Mimi nilipewa chekecheo. Unga uliopita ulikuwa wa kijivu, laini kama unga wa ngano, nao ulituingia kwenye nywele, kwenye kope, hata kwenye chai.

Kisha mjomba akainamisha ubao, akautandika taulo kuukuu, akaanza kuuoshea ule unga juu yake, kata baada ya kata. Maji yalikwenda na tope, kilicho kizito kikanasa kwenye nyuzi za taulo. Nikamwambia, "Dhahabu ni nzito, vyengine vyote vinaondoka na maji." Akageuka akanitazama, akacheka, akaniita mhandisi. Wiki nzima ile aliniita mhandisi. Nilimpenda mjomba wangu, nataka ulijue hilo kabla sijaendelea.

Viroba vitatu vikawa beseni moja, beseni likawa bakuli la mchanga mweusi. Hapo ndipo alipotoa chupa ndogo ya dawa ya kikohozi iliyofungwa kwa mpira. Ilikuwa na zebaki. Aliimimina bakulini, akatia mkono wake mtupu, akawa anakanda kama mtu anayekanda unga wa chapati. Zebaki inaikamata dhahabu, inaimeza, na mchanga inauacha. Alipomaliza akaimimina kwenye kitambaa cheupe, akakikamua. Zebaki iliyozidi ilipenya kitambaa ikarudi chupani, na ndani kikabaki kidonge kigumu, cheupe, kidogo kuliko kokwa ya tende.

"Hii ndiyo dhahabu?" nikauliza. Ilikuwa nyeupe!

"Dhahabu imejificha ndani. Tukiichoma, zebaki itaondoka kwa moto, na yenyewe utaiona."

Ilikuwa Jumamosi, mvua ya masika imeshika tangu alfajiri. Mjomba akanituma kwa sonara nikaazime koleo la kushikia kitu cha moto. Mzee aliniuliza mjomba anataka kuchoma nini. Nikamwambia. Akaweka chini miwani yake, akanishika mabega.

"Mwambie hivi, na usisahau neno. Asichome ndani. Apande darini, juu ya nyumba, kwenye hewa, upepo umpige mgongoni, na mtu asikae karibu naye. Ile zebaki haiishi, inageuka hewa, na hewa yake huioni wala huinusi. Umesikia? Hebu sema."

Nikasema yote. Akanisemesha mara ya pili. Nikakimbia na koleo chini ya kanga, nikaingia uani, nikayasema yote vile vile mbele ya mjomba, mama na bibi. Sikupunguza neno. Nimejiuliza swali hilo miaka mingi, kama nilisahau neno, nikalala nalo na kuamka nalo, nami nakuapia sikupunguza.

Mjomba akatazama juu. Mvua ilikuwa inamwagika kwenye bati la jiko kama imepasuka.

"Darini vipi na mvua hii? Tena mtaa mzima unione? Mzee huyo ana mambo. Kule tunachoma ndani ya vibanda kila siku, mbona tuko hai."

"Basi ngoja mvua ikatike," mama akasema.

Bibi ndiye aliyelimaliza. "Ngoja ya nini, mtoto kangoja miaka miwili. Njoo uchomee jikoni kwangu, mwanangu. Moto umeshakolea."

Waliziba dirisha kwa gunia ili mvua isiingie na jirani asichungulie. Mama akapanda juu kukunja nguo. Mjomba akakiweka kile kidonge kwenye kikaango cha chuma juu ya makaa, bibi akakaa kwenye kibao chake anapepea, na mimi nikachuchumaa baina yao. Kulikuwa na joto na furaha humo ndani. Bibi alikuwa akimtajia mjomba wasichana wa kuposa. Mara akanitazama, akanipiga kidogo pajani.

"Wewe, nenda dukani ukaninunulie chumvi."

"Bibi, nataka kuona."

"Nenda. Kila kitu unataka kukiona wewe."

Nikatoka nimenuna. Mvua ikanizuia kwenye baraza ya duka muda mrefu, nikacheza na watoto wengine kuruka michirizi. Niliporudi na chumvi iliyolowa, mlango wa jiko ulikuwa bado umefungwa. Nikausukuma. Mjomba alikuwa ameshika kitu kwenye kiganja anakirusha kwa kuwa bado cha moto. Kitu cha manjano, chenye matundu kama sponji, ukubwa wa punje ya hindi. Anacheka na kukohoa. Bibi naye anacheka na kukohoa, anajifuta macho kwa pembe ya kanga.

"Umeona, mhandisi?" mjomba akaniambia.

Bibi akatema mate pembeni. "Mdomo wangu umekuwa kama nimenyonya senti," akasema.

Jioni ile hakula. Usiku homa ikampanda. Jumapili alikuwa akikohoa kikohozi kikavu kisichomwachia nafasi ya kuvuta pumzi, na anakaa wima kwa sababu akilala anaona anazama. Mjomba naye alilala na homa, lakini yeye alikuwa kijana, na kila baada ya muda alitoka uani kukohoa na kutembea. Jumatatu tukampeleka bibi hospitali. Daktari, kijana mpole, akauliza mgonjwa amekula nini, amevuta nini, amefanya kazi gani siku hizi. Mama akamtazama mjomba. Mjomba akatazama sakafu. Alikuwa hana kibali cha yale mawe wala cha zebaki, na mtu mmoja njiani alishamtisha kuwa atafungwa.

"Ana pumu," mama akasema. "Ya siku nyingi."

Bibi hakuwa na pumu. Nikafungua mdomo. Mama akanifinya mkono hapa, juu ya kiwiko, nikaufunga. Daktari akaandika pumu. Baadaye sana, nilipokuwa chuo, nilimuuliza daktari mwengine kama dawa ingekuwepo lau tungesema kweli. Akanijibu, pengine, pengine si. Jibu hilo sijui nilifanye nini.

Siku ya nne nilibaki naye peke yangu pale hospitali, wakubwa wamekwenda kusali. Akaniita kwa kidole, maana sauti ilikuwa imekwisha. Nikasogeza sikio.

"Ni ule moto," akasema. "Najua. Usimwambie mjomba wako."

"Naam, bibi," nikasema.

Kesho yake akafariki.

Matanga yalikwisha. Mjomba akachukua ile punje kuipeleka kwa sonara, nami nikamfuata, hakuna aliyenizuia. Mzee akatupa pole. Kisha akauliza, taratibu sana, "Ulichomea wapi, baba?" Mimi nikasema, "Jikoni." Mzee akatutazama mmoja baada ya mwengine. Sijapata kuona uso wa mtu ukizeeka mbele ya macho yangu isipokuwa siku ile. Hakusema, "Nilikwambia." Akachukua vyombo vyake, akapanda darini, na sisi nyuma yake.

Hapo darini, kwenye jua lililotoka baada ya mvua ya siku nyingi, niliona vitu ambavyo sijaviona vizuri hivyo tena hata chuo kikuu. Dhahabu itokayo kwenye jiwe haiwi peke yake, alinieleza, imechanganyika na fedha, na ukiitaka safi lazima uzitenganishe. Akaiyeyusha ile punje pamoja na fedha nyengine, kwa sababu fedha ikiwa chache dhahabu inaificha, haiiachii. Akaifua ikawa bati jembamba, akalitia kwenye chupa ya tindikali, akaipasha moto huku ametugeuzia mgongo na upepo unaupeleka mbali moshi wake wa rangi ya hudhurungi. Fedha ikayeyuka ikapotea machoni. Chini kukabaki unga wa rangi ya udongo, mchovu, hata si wa manjano. Hiyo ndiyo dhahabu. Akamimina yale maji kwenye chombo chengine, akatumbukiza kipande cha shaba. Shaba ikaanza kuota manyoya ya kijivu yanayometameta. Fedha inarudi! Maji yakageuka buluu taratibu, shaba ikiingia humo mahali pa fedha. Akaiondoa fedha, akatia misumari ya chuma kwenye yale maji ya buluu. Nikangoja. Misumari ikavaa nyekundu. Hata shaba akaipata. Mzee yule hakupoteza kitu.

Nilisahau kuwa bibi amekufa. Kwa muda ule, darini, nilisahau kabisa, nikapiga makofi. Mjomba akageuka akanitazama, na hapo ndipo nilipomchukia, kwa sababu uso wake ulinikumbusha.

Kesho yake akaondoka na dhahabu yake kurudi bara, bila kuaga. Mama hakulitaja jina lake tena. Watu wakiuliza alisema, "Sina kaka." Mimi nikasoma kemia. Nakula, nalipa kodi ya nyumba yangu ya Mpendae na nasomesha wanangu kwa yale niliyoyaona darini siku ile, na hakuna mwaka ninaofundisha somo la kutenganisha madini bila kutamani kazi nyengine.

Mama alifariki kabla sijasikia kuwa mjomba amerudi kisiwani, yuko Chwaka kwa jamaa za mkewe. Nilikwenda mara moja, miaka miwili iliyopita. Nilikwenda kumwambia, usidhani nilikwenda kumjulia hali. Nimeandaa maneno yangu yote, ya kitaalamu, namna zebaki inavyogeuka hewa, namna inavyounguza mapafu. Nikamkuta amekaa kwenye kiti mlangoni, mikono yake miwili inatetemeka, kichwa kinatikisika. Miaka yote ile aliendelea kuchoma kule kwenye vibanda.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba." Akanitambua kwa sauti. "Mhandisi."

Nikayasema yote. Nilipomaliza akasema, "Nshajua siku nyingi. Mwaka ule ule nilirudi kule, mwenzangu akafa vile vile, kikohozi kile kile. Ndipo nikajua. Ningerudi Unguja kwa uso gani?" Halafu akaniuliza, "Mama alijua?"

"Bibi alijua," nikasema. "Alinikataza nisikwambie."

Mpaka leo sijui kama nilimwambia ili nimpe kitu cha bibi, au ili nimchome. Alilia kimya kimya, machozi yanakwenda huku na huku kwa jinsi kichwa kilivyotikisika. Mkewe akatuletea chai na mkate wa kumimina, akarudi ndani. Mjomba akajaribu kushika kikombe, kikammwagikia.

"Nisamehe, mwanangu," akasema. "Wewe uliniambia. Ulisema vizuri, neno kwa neno. Nakumbuka."

Fikiria miaka niliyoyangoja maneno hayo. Nilimfuta chai kwenye shati, nikamshikia kikombe mdomoni mpaka akakimaliza, nikamwambia nitakuja tena. Nikaondoka. Sikwenda tena. Ramadhani iliyofuata alikufa, nikaambiwa baada ya kuzikwa.

Nyumba ya Kiponda tuliiuza. Pale jikoni sasa, nilivyochungulia, kuna choo cha wageni chenye vigae vyeupe, na hakunuki kitu. Sonara alikufa, watoto wake wakahamia Ulaya, na dukani kwake wanauza vidani vya shanga vinavyokuja kwenye maboksi. Taka zao wanazitupa kila siku. Hakuna aliyebaki wa kubishana nami kuhusu siku ile, kwamba mvua ilianza saa ngapi, kwamba nani alisema nini kwanza. Ningeweza kuwageuzia maneno wote na hakuna wa kunirudi.

Nimewahi kumsamehe mtu aliyenikanyaga sokoni Darajani, nikamwambia nimekusamehe, nikacheka naye. Nimemsamehe kondakta aliyenifokea. Mjomba aliniomba kwa kinywa chake, nimeshika kikombe chake, na neno lilikuwa hapa ulimini, nami nikamnyima.